Viambishi vya Kihungaria kwenye majina na vitenzi: anza na Kiswahili chako

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Niko Debrecen, mashariki ya Hungaria, huu ni mwaka wa tatu. Tangu nifike nasikia wanafunzi wageni wakilalamika jambo moja: Kihungaria hakisomeki, maneno yana mikia mirefu, hujui ushike wapi. Miezi sita ya mwanzo nililalamika nao. Vitabu vyetu vilieleza kila kitu kwa Kiingereza, nami nikawa natafsiri kila neno kwenda Kiingereza ndipo nilielewe. Siku nilipoanza kuyapeleka moja kwa moja kwenye Kiswahili, mengi yakakaa. Naleta uzi huu kwa yeyote anayejiandaa kuja kusoma huku, na kwa walimu wa Kiswahili wanaopenda kuona viambishi tamati vikifanya kazi kwa watu wengine.

Naanza na majina, vitenzi vitafuata.

Jikoni kwenye bweni letu kuna jokofu moja la watu wanane. Kila pakiti ya maziwa imebandikwa karatasi. Wiki ya kwanza nilisoma moja imeandikwa Annáé, nyingine Péteré. Nikajua hayo ni majina ya watu, nikaanza kumwita jirani yangu "Péteré". Akaitika kwa upole, hakunisahihisha. Mwalimu wetu wa lugha ndiye aliyenifungua macho. Ile -é ya mwisho ni "ya" yetu, ni "cha", ni "wa". Ukiuliza *Ez kié?* umeuliza "Hii ni ya nani?" na jibu ni *Péteré*, yaani ya Péter. Kumbe maziwa ndiyo yaliyokuwa yanajitambulisha.

Tuseme naitwa Rehema. Jina langu likiingia kwenye sentensi ya Kihungaria halikai kimya hata kidogo. Rehemáé ni cha Rehema. Rehemát, Rehema akiwa ndiye anayetendwa: anaonwa, anasubiriwa, anatafutwa. Rehemának, anapopewa kitu. Rehemával, pamoja na Rehema. Rehemához, kwenda kwa Rehema. Rehemától, kutoka kwa Rehema. Tazama pia ile a ya mwisho: kila mara inavuka na kuwa á, sauti ndefu. Majina yetu mengi yanaishia na a (Asha, Juma, Baraka, Neema), kwa hiyo jambo hili litakukuta siku ya kwanza, na ukiona jina lako limewekwa alama juu usidhani karani amekosea.

Sasa kiambishi ninachokipenda kuliko vyote: -ék. Jirani aliniambia Jumapili anakwenda kula *Kovácsékhoz*. Kitabu kilihitaji maelezo marefu kueleza kwamba -ék ni "Kovács na watu wake, familia yake, au wale alio nao". Sisi tuna neno moja: akina. *Kovácsék* ni akina Kovács. *Rehemáék* ni akina Rehema. Hata mpaka wake ni uleule: akina Péter wanaweza kuwa mkewe na wanawe, wanaweza kuwa marafiki aliokuja nao, na msikilizaji anajua kutokana na mazungumzo. Halafu juu yake unaweka -hoz ya kuelekea, unapata "kwa akina Kovács" kwa neno moja.

Tukiwa bado kwenye majina. Huku ukoo unatangulia, jina la mtu linafuata: Liszt Ferenc, Bartók Béla, Karikó Katalin. Na koo zenyewe mara nyingi zimejengwa kwa viambishi.

Wa kwanza ni -né. Kwenye kengele za mlangoni utaona *Szabó Istvánné*. Hilo si jina la kike la ajabu. Ni mke wa Szabó István, kwa desturi ya zamani ambapo mwanamke akiolewa jina lake lote lilifunikwa na la mumewe na kikabaki hicho -né tu cha kuonyesha kuwa ni yeye. Sheria inawapa wanawake njia kadhaa: wapo wanaobaki na jina lao lote, wapo wanaochanganya, mfano *Szabóné Kovács Éva*. Bibi aliye chini ya ghorofa yetu ni wa mtindo wa kwanza, na sijapata kulijua jina alilopewa na wazazi wake. Linanigusa kila nikipita pale.

Wa pili ni -fi, ambao zamani uliandikwa pia -fy au -ffy, maana yake mwana wa. *Pálffy* ni mwana wa Pál. Hii ni "bin" iliyohamia mwishoni. Mshairi wao mkubwa, Petőfi Sándor, alizaliwa 1823 akiitwa Petrovics, jina la Kislavoni lenye -vics, ambayo nayo ni "mwana wa". Mwaka 1842 akaanza kutumia Petőfi. Hakutupa maana ya jina la baba yake. Alikichukua kiambishi cha Kislavoni akakitafsiri kwa cha Kihungaria, mwana wa Péter akabaki mwana wa Péter.

Wa tatu ni -i, unaotoa mtu au kitu cha mahali: *debreceni*, wa Debrecen, *budai*, wa Buda, *kenyai*, wa Kenya. Hapa a haibadiliki, angalieni vizuri. Ukiandikwa kwa herufi ndogo ni kivumishi, ukiandikwa kwa kubwa mara nyingi ni ukoo: Budai, Pécsi, Szegedi.

Vitenzi nitaviweka jioni nikitoka maktaba. Karibuni.

Mvuvi wa Ziwani

Asante kwa shule mkuu. Nimeweka kambi hapa.

Swali langu: hiyo -i ya mahali mbona ni kama yetu? Zanzibari, Omani, Shirazi. Je, hawa watu tuna undugu nao wa lugha? Maana na akina nao wanayo.

Mleta mada

Swali zuri, na nilijibu vibaya siku ya kwanza nilipoulizwa, kwa hiyo nalichukulia kwa uzito.

Undugu hakuna. Kiswahili ni Kibantu. Kihungaria ni cha familia ya Kiurali, ndugu zake wa mbali ni Kifini na Kiestonia, na wa karibu zaidi ni Kikhanti na Kimansi zinazosemwa Siberia ya magharibi. Hiyo -i ya Zanzibari tumeipokea kutoka Kiarabu. Ya kwao ni yao, na kufanana huko ni bahati tu.

Kinachofanana kwa kweli ni ujenzi. Lugha zote mbili hupanga vipande vidogo, kila kimoja na maana yake, kwenye mzizi. Sisi tunapanga zaidi mbele, wao karibu kila kitu nyuma. Lakini nyuma nasi tunako. Mwanangu, mkeo, nduguye, mwenzangu: hapo mwenye kitu amekaa mkiani, kama kwao *apám* (babangu), *apád* (babako), *apja* (babake). Tofauti ni kwamba sisi tunafanya hivyo kwa ndugu na watu wa karibu tu, wao kwa kila kitu: *házam* nyumba yangu, *házaim* nyumba zangu, *házaimban* ndani ya nyumba zangu.

Na kingine cha kufurahisha: "yeye" yao ni *ő*, haijali mwanamume wala mwanamke. Rafiki zangu wa Kihungaria wakisema Kiingereza humwita mama yao kwa kiwakilishi cha kiume bila kujua, kosa lilelile ninalofanya mimi.

Shabiki wa Jukwaani

Mimi lugha si fani yangu, ila jina Puskás nalijua, kuna ile tuzo ya goli bora la mwaka. Nalo lina kiambishi?

Mleta mada

Linacho mkuu. *Puska* ni bunduki, ukiongeza -s inakuwa "mwenye bunduki". Mchezaji mwenyewe alizaliwa 1927 na jina la ukoo la Kijerumani, Purczeld, kisha familia ikabadili. Hiyo -s ndiyo "-enye" yetu, na imezaa koo nyingi: *Kerekes* kutoka *kerék*, gurudumu, fundi wa magurudumu. Dada yake ni -ász/-ész wa kazi: *Halász* mvuvi (hal ni samaki), *Juhász* mchunga kondoo, *Vadász* mwindaji.

Na kwa kuwa umeleta mpira, hili ni lako. Kuna kijiji kinaitwa Kocs, kaskazini-magharibi ya nchi. Karne ya 15 kilisifika kwa magari ya farasi mepesi. Gari la Kocs likaitwa *kocsi szekér*, kwa ile -i ya mahali, baadaye *kocsi* tu. Neno likasambaa Ulaya, Waingereza wakalichukua kwa gari la farasi, na karne ya 19 wanafunzi wao wakalitumia kwa mwalimu anayembeba mtu mpaka avuke mtihani, kisha likaingia michezoni. Kwetu likafika kama kocha. Kwa hiyo kila unapomtaja kocha wa Simba au wa Yanga, kijiji cha Kocs kimo ndani.

Shabiki wa Jukwaani

Dah. Hii naipeleka kijiweni leo leo.

Mleta mada

Nimerudi. Vitenzi.

Kwanza jambo moja la sauti, maana bila hilo hutaandika hata sentensi. Kwetu pika huwa pikia, lakini soma huwa somea. Kata, katia, leta, letea. Irabu ya mzizi ndiyo inayoamua kama kiambishi kitakuwa na i au e, na hakuna aliyetufundisha, tulinyonya na maziwa. Kihungaria kinafanya hivyo kila mahali. Irabu zao zina makundi mawili: a, o, u upande mmoja, e, ö, ü upande wa pili. "Ndani" ni -ban au -ben: *házban* ndani ya nyumba, *kertben* ndani ya bustani. Vingine vina sura tatu: *Jánoshoz, Péterhez, Györgyhöz*, kwa János, kwa Péter, kwa György. Ukishakubali kwamba hicho ni kiambishi kimoja kinachopatana na mzizi wake kama -ia na -ea, majedwali ya vitabu yanapungua zaidi ya nusu.

Sasa moyo wa jambo. Kila kitenzi cha Kihungaria kinachobeba yambwa kina seti mbili za viambishi vya mtendaji. Tazama *lát*, ona:

*látok egy házat*: naona nyumba (nyumba fulani, haijatajwa)
*látom a házat*: naiona nyumba (ile tunayoijua)

Nilipewa karatasi nzima ya kanuni za lini useme -ok na lini -om. Nikazikariri, nikazisahau. Kisha siku moja darasani mwalimu, mama wa makamo, mpole sana, akaniuliza *Mit csinálsz?* Unafanya nini? Nilikuwa na kitabu mkononi, nikajibu *Olvasom.* Akanyamaza. Akanitazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Akauliza, *Mit?* Nini?

Hapo ndipo nilipopata. Sikumwambia "nasoma". Nilimwambia "nakisoma". Naye, kama ambavyo mama yangu angefanya, alikuwa anasubiri kujua hicho "ki" ni nini. Nilipaswa kusema *olvasok*, nasoma. Hiyo -om ni mimi pamoja na ile i, ki, m, vi tunayoichomeka katikati ya kitenzi.

Jipime kwa majina ya watu. Je, unasema "naona Asha"? Sikio linakataa, unasema "namwona Asha". Wao vilevile: *Látom Annát*. Ukisema *Látok Annát* umekosea kosa hilohilo. Mtu mwenye jina lake hawezi kuwa "mtu fulani". Tofauti iliyopo ni kwamba sisi tunataja na ngeli, namwona, naiona, nakiona, naviona, wao wana -om moja kwa yote. Na katika wakati uliopita, kwa nafsi ya kwanza umoja, seti mbili zinakutana: *láttam* ni niliona na niliiona pia. Hapo pumzika.

Kisha kuna -lak/-lek. Hiki kinatumika mahali pamoja tu: mimi nikikutenda wewe. *Várlak*, nakusubiri. *Látlak*, nakuona. *Szeretlek*, nakupenda. Kiingereza kinahitaji maneno matatu. Kiswahili na Kihungaria neno moja, na ndani yake watu wawili wamo, mmoja ametazamana na mwenzake. Ila usiende mbali zaidi ya hapo: "ananipenda" haimo kwenye neno moja kwao, wanasema *szeret engem*, anapenda mimi, na cha ajabu hapo kitenzi kinatumia seti ya kwanza, ile ya kisichotajwa.

Mwisho kwa leo, kauli. Kutendesha kwao ni -at/-et au -tat/-tet. *Javít* ni tengeneza, *javíttat* ni tengenezesha. Ongeza -hat, ambayo ni kuweza: *javíttathat*. Ongeza mtendaji na ile "i" ya baiskeli: *javíttathatom*, ninaweza kuitengenezesha. Neno hili nilisema kweli, kwa jirani aliyetaka kunisaidia baiskeli yangu wakati najua pa kuipeleka. Nililijenga polepole kichwani, kipande kwa kipande, nikalitoa. Alirudi nyuma hatua moja, akanipa mkono.

Mama Kisauni

Niko Mombasa, binti yangu anaelekea huko Septemba, namsomea uzi huu usiku. Anauliza: kwenye barua ya chuo wameandika Debrecenben, kwenye tiketi Budapesten. Mbona mji mmoja una -ben na mwingine -en?

Mleta mada

Shikamoo mama. Mpe hongera binti.

Sisi tunasema niko Tanga, naenda Tanga, natoka Tanga, Tanga haiguswi. Hata nyumbani ni -ni moja tu: niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani, kitenzi ndicho kinachosema. Kihungaria kinataka mkia tofauti kwa kila mwendo, kisha kinauliza: mji huu uko "ndani" au "juu"?

Miji mingi ya Hungaria ni ya juu, kana kwamba mtu amesimama juu ya ardhi yake: *Budapesten* niko, *Budapestre* naenda, *Budapestről* natoka. Szeged hivyohivyo: *Szegeden, Szegedre, Szegedről*. Miji ya nchi za nje ni ya ndani: *Nairobiban, Nairobiba, Nairobiból*. Nchi yao wenyewe ni *Magyarországon*, juu. Kenya ni *Kenyában*, ndani. Lakini baadhi ya miji yao ni ya ndani pia, hasa inayoishia na sauti kama n, m au r: Debrecen, Sopron, Veszprém, Győr, Eger. Hapo kukariri ndiko salama. Aanze na miwili atakayopita, ile miwili ya kwenye karatasi zake: atashuka Budapesten, atakaa Debrecenben.

Na amwambie karani anayemwandikisha kwamba jina lake kamili ni lile la kwenye pasi. Huku ukoo hutangulia, na nimeona mwenzetu akisumbuka wiki mbili kwa sababu majina yaligeuzwa kwenye fomu moja na hayakugeuzwa kwenye nyingine.

Mama Kisauni

Marahaba mwanangu. Nitamwambia.

Mwalimu wa Sarufi

Nafundisha sekondari, nitautumia uzi huu kwenye somo la kauli. Swali dogo la kitaalamu: "pamoja na" umesema ni -val, sasa jina likiishia na konsonanti inakuwaje?

Mleta mada

Hapo ndipo pazuri mwalimu. Ile v inamezwa na konsonanti ya jina: János + val ni *Jánossal*, Péter ni *Péterrel*, Kovács ni *Kováccsal*. Shida huja kwa koo kama *Kiss*, tahajia ya zamani ya *kis*, dogo, yenye s mbili tayari. Ukimeza hapo, s za jina na s ya kiambishi zitachanganyika na ukoo hautajulikana. Kwa hiyo wanaweka kistari: *Kiss-sel*. Aliye *Kis*, wa s moja, anakuwa *Kissel*. Kistari kile kiko pale kulinda jina la mtu, na karani wa huku hawezi kukiruka.

Mvuvi wa Ziwani

Naomba kujaribu. "Rehemáék Nairobiban laknak. Látok Rehemát." Akina Rehema wanakaa Nairobi. Namwona Rehema.

Mleta mada

Sentensi ya kwanza haina doa mkuu, na umeweka *laknak* ya wingi, maana akina ni wengi hata kama jina ni moja.

Ya pili isome tena kwa Kiswahili, polepole. Umeandika "naona Rehema".

Mvuvi wa Ziwani

Látom Rehemát.

Mleta mada

Namwona.